Nilimtoa Ng'ombe wa Binti Yangu Ninunue Hisa ya Mashine

Nina miaka themanini na mitatu. Naitwa Tamali Nakazwe, mjane, naishi karibu na Ndalambo, kando ya barabara iendayo Sumbawanga. Shule sikusoma. Nilichosoma ni kisomo cha watu wazima, baada ya kuhamia kijiji cha ujamaa, na mwalimu wetu alikuwa Ndugu Anyelwisye, kijana mwembamba kutoka milima ya Ileje. Herufi zangu ni kubwa na zimepinda. Mtanivumilia.

Lakini majina sisahau! Majina yote ninayo. La aliyenipa maji ninalo, na la aliyeniua ningali hai ninalo pia.

Wengine huwaandikia ninyi wasomaji wakilia. Mimi nilishamaliza kulia. Nawaandikia kwa hasira, na msinishauri niipunguze.

Mume wangu, Yakobo Simpasa, alikufa kwa homa mapema, akaniachia mtoto mmoja tu, msichana. Jina lake Enelesi. Alikuwa mrefu kama baba yake, mcheshi, akicheka hufunika mdomo kwa kiganja kwa sababu jino lake moja la mbele lilikuwa limekaa upande. Alipokua akaolewa Ihanda, kwa Gidioni, mtoto wa Mzee Halinga.

Sasa sikilizeni, maana kisa chote kiko hapa. Kwetu, katika ukoo wetu, binti akiolewa kuna ng'ombe mmoja anayekuja kwa mama peke yake. Ni ng'ombe wa mama, wa yule aliyebeba mimba. Mahari nyingine huliwa na ukoo, na iliyoliwa huzungumzwa, watu wakapatana. Ng'ombe wa mama hazungumzwi. Unamkamua, unakunywa maziwa, lakini humuuzi wala humchinji mpaka binti yako awe na watoto wawili mikononi. Kwa nini? Kwa sababu ndoa ikiharibika, ng'ombe huyo, au ndama wake, ndiye anayerudi kwa wakwe akiongozwa kwa kamba na mjomba. Akishafika, binti yako yuko huru, na kama ana mimba, mtoto ni wenu. Asipofika... binti ni wao, na kilichomo tumboni ni chao.

Ng'ombe wangu alikuwa mwekundu, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Nilimwita Asante. Nilimkata mikato miwili sikio la kushoto, ndiyo alama ya zizi letu.

Na mjomba wa Enelesi alikuwa nani? Kaka yangu Festo Sikazwe, maana kwetu mwanamume huitwa Sikazwe na mwanamke Nakazwe. Tumbo moja, ziwa moja! Mimi nilimbeba mgongoni nikiwa na miaka saba. Mjue hilo kabla sijaendelea.

Festo alikaa miaka mingi Kopabelti, upande wa Zambia, kwenye karakana za migodi. Akarudi mwaka ule baada ya vita vya Uganda, amevaa suruali pana chini, kichwani kofia, mfukoni bisbisi. Akiongea, sentensi moja ina Kinamwanga, Kiswahili, Kibemba na Kiingereza, na sisi wanawake tulikuwa tunamtazama mdomo kama watoto wanaongoja kutafuniwa.

Siku moja alitukuta sita tunatwanga uwanjani kwangu. Akasimama, akatucheka.

"Dada zangu, mpaka lini? Mikono yenu imekuwa kama kwato!"

Sofia Nachula akamjibu, "Shika mchi basi, tuone yako."

"Mimi sishiki mchi. Mimi nawaletea mashine." Akachuchumaa, akachora kwa kijiti mchangani. "Tunduma kuna injini ya dizeli inauzwa, pamoja na kinu chake cha kusagia. Kila mmoja atoe kitu, apate hisa. Ng'ombe anazaa mara moja kwa mwaka. Mashine inazaa kila siku, hata Jumapili!"

Hisa... Neno hilo tulilisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alituambia huko Kopabelti watu wenye akili hawafugi tena, wanaweka mali yao kwenye mitambo, halafu wanakaa kitako.

Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa na Asante tu.

Nikamwambia Festo, yule ni ng'ombe wa mtoto. Mnajua alinijibu nini? "Dada, mjomba ni nani? Si mimi? Atakayemrudisha kwa wakwe ni nani? Si mimi? Ikitokea shida, utakuwa na ng'ombe kumi, nitachagua mnene." Nikacheka. Nikakubali!

Jirani yangu Yunisi Nampasa, aliyekuwa shoga yangu tangu usichana, alikuja akanikalia jikoni. "Tamali, usimtoe. Ng'ombe wa binti hatembei ila kurudi alikotoka."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia, "Wewe endelea kutwanga, Yunisi. Kinu kimekuzoea." Maneno hayo nayakumbuka kila ninapoonja unga.

Tukatoa. Sofia Nachula, Loyce Namwinga, Ruti Nalwamba, Mariamu mke wa Simfukwe, Tusayiwe Nakanyika, na mimi. Wengine walitoa mbuzi, wengine magunia ya maharage. Ng'ombe alikuwa wangu peke yangu.

Mashine tuliinunua kwa Mzee Shabani, mfanyabiashara mtu wa Ujiji, mwenye duka la vipuri pale Tunduma. Mimi nilikwenda kuiona. Mzee yule alikuwa mpole, kofia ya kitambaa, tasbihi mkononi. Aliweka kidole juu ya kitu kidogo ubavuni mwa injini, kikubwa kuliko ngumi kidogo tu.

"Mama, hii ni pampu ya dizeli. Ndiyo moyo. Mengine yote fundi wa hapa atayachonga, hii hachongi mtu. Inatoka Uingereza kwa meli, inashushwa bandarini, inapanda reli, ndipo ije kwetu. Sehemu moja ikikwama, nanyi mmekwama. Itunzeni."

Nilifurahi mno hata nikaokota msumari, nikaichora pampu ile mikato miwili, kama sikio la Asante. Nikasema huyu ndiye ng'ombe wangu sasa. Mzee Shabani akatabasamu, akasema, "Haya, mama, umemtia alama."

Wasomaji wangu, mwaka mmoja na nusu tuliishi kama mabibi! Asubuhi ilikuwa tu-tu-tu-tu, mlio unasikika mpaka ng'ambo ya mto. Wanawake walikuja na mahindi na ulezi kutoka vijiji vitatu. Tulitoka mle ndani nyusi nyeupe kwa unga, tunachekana. Viganja vyangu vikalainika. Kwenye mkutano wa kijiji tulisimamishwa mbele, tukapigiwa makofi kwa maendeleo yetu. Festo ndiye fundi, ndiye mwenye ufunguo. Sisi tulikuwa na hisa, yeye alikuwa na bisbisi.

Halafu shida ikaingia nchini. Mnaoikumbuka, mnaikumbuka... Sabuni hakuna. Chumvi hakuna. Duka la ushirika lina rafu tupu na muuzaji anasinzia. Tulifulia majani ya mpapai. Mkanda wa mashine ulikatika, Festo akashona mwingine kwa mpira wa gurudumu la lori. Dizeli ikawa inakuja kwa madebe kutoka Tunduma, leo ipo, kesho hakuna.

Ndipo asubuhi moja mashine ikakataa kuwaka. Festo akaifungua tukiwa tumemzunguka. Akaitoa ile pampu, akaizungusha mkononi, akatikisa kichwa kama daktari.

"Imekufa. Lazima iagizwe nyingine. Naipeleka hii wakauone mfano wake."

Akaifunga kwa kitenge cha Loyce Namwinga, akaondoka nayo. Sisi sita tukamsindikiza mpaka barabarani, kama tunamsindikiza mgonjwa!

Baada ya hapo likaanza neno lake moja. Tukimuuliza pampu, anasema, "Iko njiani." Mwezi huu, iko njiani, meli imechelewa. Mwezi ule, iko njiani, reli imesimama upande wa Zambia. Mara mpaka umefungwa, mara imefika Lusaka inangoja karatasi. Na kila safari lazima apewe kitu cha kuwalainisha watu wa huko... kuku, samli, debe la maharage. Tulitoa. Tungeachaje? Kila kitu kilikuwa njiani siku zile! Sabuni ilikuwa njiani, chumvi ilikuwa njiani, viberiti vilikuwa njiani. Uongo wake ulifanana na maisha yetu, ndiyo maana haukuonekana.

Tukarudi kwenye kinu. Yunisi hakunicheka. Alikuja tu na mchi wake, tukatwanga pamoja. Angenicheka, ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia.

Sasa naingia mahali penyewe.

Mchana mmoja wa jua kali niliona mtu anakuja kwa njia ya shambani, anatembea amejishika mkono. Nikadhani mgeni. Kumbe mwanangu! Ametoka Ihanda kwa miguu na kwa kudandia malori, siku mbili. Mkono umevimba, mfupa umepinda. Jino lile la mbele, lililokaa upande, halipo. Na tumbo limeanza kuonekana.

Hakulia. Alisema, "Mama, Gidioni ataniua. Mrudishieni ng'ombe wao."

Nilishindwa kumtazama. Nilijifanya nachochea moto.

Wiki haikuisha wakwe wakafika. Mzee Halinga, mdogo wake, na Gidioni mwenyewe ameinamisha macho. Nikawapa viti, nikawapa togwa. Mzee Halinga akanywa taratibu, akafuta mdomo, akageuka kutazama zizi langu. Lilikuwa limeota majani.

"Mkwe, tumefuata mtu wetu au ng'ombe wetu. Kimojawapo."

Nikamwambia mwanao amemvunja mkono mwanangu.

"Hilo ni baya, na nimemkanya," akasema. "Lakini sijaliona baya likivunja ndoa bila ng'ombe. Tena naona zizi lako halinuki mavi, mkwe. Linanuka oili."

Mdogo wake akacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze! Wakanipa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, ng'ombe asipofika na mjomba wake, wao wangekuja kuchukua mtu.

Mtauliza, kwa nini sikuazima ng'ombe? Kwetu ng'ombe wa kuvunja ndoa haazimwi. Wanaamini mkosi wake hubaki kwenye zizi la aliyeazimisha. Nilizunguka, nilipiga magoti kwa watu ambao hata salamu nilikuwa siwapi. Hakuna.

Festo alikuwa haonekani majuma matatu. Nikaamua kumfuata Tunduma. Siku nne zilikuwa zimebaki. Enelesi alinifunga kanga kiunoni kwa mkono wake mmoja mzima, akaniambia, "Mama, mwambie mjomba hata ndama tu."

Nikapanda lori la magunia. Kufika, moja kwa moja kwa Mzee Shabani. Nikamuuliza, pampu yetu mpya imefika wapi?

Akauliza, "Pampu gani, mama?"

Nikamweleza. Akaweka tasbihi chini.

"Ile pampu haikufa. Kaka yako aliniletea hapa niinunue. Niliona ile mikato yako miwili, nikamwambia siwezi kununua moyo wa watu. Akaifunga kwenye kitenge, akashika njia ya Nakonde."

Nakonde ni ng'ambo tu, upande wa Zambia. Nilivuka kwa njia ya vichakani pamoja na wanawake waliobeba ndizi. Sikuuliza mtu. Nilifuata sauti. Tu-tu-tu-tu! Ningeijua hata usingizini.

Kilikuwa kibanda cha mabati. Mlangoni amekaa mama mnene, Mbemba, wanamwita Bana Chanda. Akanisalimia vizuri, "Mwapoleni, bamayo, mumeleta mahindi?" Nikampita. Nikainama kwenye injini. Pampu ile pale, ubavuni. Mikato miwili.

Nikauliza kwa sauti, "Hii ya nani?"

Bana Chanda akajibu bila wasiwasi, "Ya ba Festo. Sisi tulikuwa na injini, yeye akaleta pampu. Nusu yake, nusu yetu. Ni mwenzetu wa hisa."

Na Festo akatokea nyuma ya magunia, nyusi nyeupe kwa unga.

Aliponiona hakukimbia. Afadhali angekimbia! Alinivuta pembeni, akaninong'oneza, "Dada, tulia, watu wanatazama."

"Acha watazame mwizi!"

"Sikuiba. Kule kwetu dizeli hakuna, mkanda hakuna, hata msumari hakuna. Mashine ile ingeota kutu tu. Nimeipeleka hisa yenu mahali inapofanya kazi."

"Hisa yetu? Jina letu liko wapi hapa? La Sofia liko wapi? La Loyce, ambaye kitenge chake ulifungia?"

Akajikung'uta unga mikononi. Nikamwambia sitaki mashine, sitaki unga, sitaki chochote. Nataka ng'ombe mmoja, na mjomba wa kumwongoza mpaka Ihanda. Enelesi amevunjwa mkono! Siku zimebaki tatu!

Mnajua alinijibu nini? Alitazama chini, akasema, "Ng'ombe yuko njiani, dada."

Hapo nikawa mwehu. Niliirukia injini ile niing'oe pampu kwa mikono. Kiganja kikashika bomba la moshi. Kovu lake ninalo, linanisumbua ninapoandika haya. Watu wakanishika, kelele zikajaa, askari wa pale wakaja. Nimevuka bila karatasi, nimeharibu mali... walikuwa na haki yao. Wakaniuliza kwa upole, mama, nani anakujua hapa? Nikasema, yule, kaka yangu.

Wakamuuliza.

Festo Sikazwe, niliyembeba mgongoni, alinitazama usoni akasema, "Simjui mama huyu."

Nilikaa kizuizini siku mbili. Aliyekuja kunidhamini ni Mzee Shabani, aliyepata habari kwa wale wabeba ndizi, mtu wa Ujiji, asiye ndugu yangu wala wa dini yangu. Aliniletea maziwa, akanitafutia lori, nalo likaishiwa dizeli njiani. Nilifika nyumbani siku moja baada ya mwezi kuisha.

Yunisi alikuwa amekaa mlangoni kwangu. Nilipomwona mikono yake imelala mapajani, haishiki kitu, nilijua.

Wakwe walikuja jana yake. Wakasimama uwanjani, wakauliza ng'ombe. Enelesi akatoka ndani mwenyewe, akachukua kikapu chake, akasema, "Twendeni. Mama yangu amekwishapiga magoti vya kutosha." Yunisi alimshika nguo asiende. Akamwambia, "Niache, shangazi. Mwambie mama asitembee tena, miguu yake imevimba."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoletewa kutoka kwake.

Masika hayakumalizika. Alijifungua mtoto wa kike, yeye mwenyewe akabaki kwenye damu. Wapo waliosema ni uzazi tu. Wanawake waliomwosha walinionyesha mgongo wake. Sitaandika nilichokiona.

Tulimzika Ihanda. Na tukiwa bado tumekaa msibani, watu wakageuka kutazama njiani. Alikuwa anakuja Festo... anaongoza ng'ombe kwa kamba! Mwekundu, mnene. Amevaa koti. Anatembea polepole kama mjomba anavyotakiwa kutembea.

Akasimama mbele ya Mzee Halinga, akanyoosha kamba. "Nimerudisha ng'ombe. Nimekuja kumchukua mwanangu na mtoto wake."

Wazee wakaenda pembeni kushauriana. Nilikuwa nimempakata yule mtoto mchanga, nikamkaza kifuani. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, wakubali! Wakarudi. Mzee Halinga, sasa bila dhihaka, akasema, "Ng'ombe huvunja ndoa ya aliye hai. Marehemu hana ndoa ya kuvunjwa. Mtoto ni wetu."

Wakamtoa mikononi mwangu. Alikuwa na joto.

Festo alibaki amesimama na kamba yake. Na yule ng'ombe, asiyejua kitu, akainamisha kichwa akaanza kula majani mabichi yaliyowekwa juu ya kaburi.

Nilimfukuza Festo kwa udongo wa kaburi lile, konzi kwa konzi, mpaka akapotea. Hakuna aliyenizuia.

Mjukuu wangu alilelewa huko na mama wa kambo. Alikuja kunitafuta mara moja, akiwa mtu mzima. Tulikaa kama wageni. Akicheka hufunika mdomo kwa kiganja.

Wasomaji wangu, siku hizi nasikia vijana wananunua hisa za mitambo ya mbali kwa kubonyeza simu. Siwakatazi. Mimi si mtu wa kukataa mashine, na viganja vyangu vilizipenda. Lakini nawasihi. Kabla hujatoa, uliza moyo wa mtambo huo unatoka wapi, unapita mikononi mwa nani, na ukikwama, nani atakufa? Weka mali ambayo ikipotea utalia wewe peke yako. Kitu kinachomlinda mwanao usikiguse! Hata akikuomba ndugu wa tumbo moja. Yeye hasa. Na mtu akikuambia jambo limekwama kwa sababu ya shida za dunia, nenda ukalione lilipokwama kwa macho yako, uende mapema. Mimi nilikwenda zimebaki siku nne.

Festo bado yu hai. Yuko Nakonde, mzee, hatembei, unga umemkaa kifuani, anakohoa usiku kucha. Mwezi uliopita alituma watu wawili kwangu, wamevaa vizuri, wameleta sukari na shuka. Wakasema, bibi, kaka yako anaomba msamaha kabla hajafa. Anaomba neno moja tu kutoka kwako.

Niliwapa viti. Niliwapa togwa. Sukari yao niliirudisha.

Nikawaambia, mwambieni msamaha wake nimeuagiza. Uko njiani.